Kamina: Utando mweupe kinywani si alama ya uchawi

Mtoto ana utando mweupe kinywani. Anapewa nistatini, utando unatoka, baada ya majuma mawili unarudi. Kisha kikohozi, kuhara, uzito kushuka. Anapimwa SIDA: hana. Hapa Haut-Lomami, kama kwingine Kongo, mara nyingi ni wakati huo ambapo swali linatoka hospitalini na kuingia katika chumba cha maombi: nani anamla mtoto huyu?

Liko jibu lingine. Watoto wengine huzaliwa na upungufu wa kinga waliourithi kwa wazazi. Aina zaidi ya 450 zimekwisha kutambuliwa. Kuvu ambayo sisi tunaivuta kila siku katika vumbi bila dhara, kwa watoto hawa inaweza kuingia mapafuni na kuua. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani (OMS) lilitoa orodha yake ya kwanza ya kuvu za hatari, 19 kwa jumla. Kandida, ile ya utando mweupe, imo katika kundi la juu.

Baadhi ya aina hizo hupitia kwa mama mzima na kushika hasa wavulana. Fikirini basi: mama amezika wavulana wawili, mabinti wake ni wazima. Majirani wanahesabu, na hesabu yao inamwangukia yeye. Hesabu hiyo hiyo, mikononi mwa daktari, ni dalili ya ugonjwa.

Kupandikiza uboho, ambako huponya aina kali, kuko mbali na familia zetu. Lakini kuhesabu chembe nyeupe za damu si jambo la Ulaya tu: limfositi chini ya 3,000 kwa milimita ya ujazo, kwa mtoto mchanga, ni sababu ya kumtafutia daktari mkubwa zaidi. Na Bactrim, dawa ya bei ndogo, ikiandikwa na daktari huzuia kuvu moja inayoleta nimonia kali.

Katiba ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto uchawi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inaadhibu kosa hilo. Lakini anayeitwa kwanza si polisi, ni mchungaji. Basi aulize: wamekufa wangapi, wavulana au wasichana, wa mama mmoja, waliugua nini? Aandike, na karatasi iende na mtoto hospitalini. Kuomba, aombe. Kumfungisha chakula mtoto anayehara, hapana.