Kisiwa kimoja chatufunza hila za madola makubwa





Hapa kijijini kwetu gazeti likifika huwa tunalisoma kwa zamu na kujadiliana. Juzi mzee mmoja aliniuliza, "Mwalimu, mambo ya Marekani, Urusi na China yanatuhusu nini sisi wakulima wa mahindi? Tembo wakipigana huko kwao, nyasi zetu ziko mbali." Wengi walicheka na kukubaliana naye. Mimi sikubaliani, na ningependa kumjibu mbele ya wasomaji wote, kwani najua wanaofikiri kama yeye ni wengi.

Watu hudhani kuwa dola kubwa hutawala kwa kuteka nchi kubwa. Huo ulikuwa ukoloni wa zamani. Siku hizi dola kubwa huhitaji mahali padogo tu, pa kutulia ndege na manowari zake, ambapo hapana mwenyeji wa kuuliza swali. Mfano uko katika bahari yetu hii ya Hindi. Katikati ya bahari, kusini ya India, kuna visiwa viitwavyo Chagos. Kikubwa kuliko vyote ni Diego Garcia, kisiwa chembamba chenye umbo la unyayo. Wenyeji wake walikuwa wazao wa watumwa waliochukuliwa Msumbiji na Madagaska kufanya kazi katika mashamba ya minazi. Walikaa huko vizazi na vizazi, wakikausha mbata, wakivua samaki na kuwazika wazee wao.

Sasa tazameni hila zilizotumika.

Kwanza, kumshika mnyonge kabla hajasimama. Visiwa hivyo vilikuwa sehemu ya Mauritius, koloni la Uingereza. Mwaka 1965, Mauritius ilipokuwa ikidai uhuru, Uingereza ilivikata visiwa hivyo na kutoa paundi milioni 3. Siwalaumu sana viongozi wa Mauritius, kwa sababu mtu aliyefungwa kamba hawezi kupatana bei. Uhuru wao waliupata mwaka 1968. Marekani, iliyotaka kituo cha kijeshi, iliisamehe Uingereza dola milioni 14 katika gharama za makombora ya Polaris, na jambo hilo likafichwa hata kwa wabunge wa Marekani wenyewe.

Pili, kuwafuta watu kwa kalamu. Umoja wa Mataifa ulikuwa umekataza kumega koloni linalokaribia kujitawala. Kwa hiyo maofisa wa London wakaamua kudai kwamba visiwa havina wenyeji, bali vibarua wa kupita tu. Kati ya mwaka 1968 na 1973 watu wapatao 1,500 hadi 2,000 waliondolewa, wengine wakizuiwa kurudi walipokwenda Mauritius kwa matibabu, na wengine wakipakiwa melini na kushushwa Mauritius na Shelisheli bila nyumba wala kazi. Mbwa wao walikusanywa katika banda la kukaushia mbata wakauawa kwa moshi wa magari. Wakati huo huo kulikuwa na mpango wa kujenga kituo kingine cha kijeshi katika kisiwa cha Aldabra, upande wetu huu wa bahari. Wataalamu wa viumbe walipiga kelele kuwatetea kobe wakubwa wa huko, na Uingereza nayo ikapungukiwa fedha, hivyo mwaka 1967 mpango ukaachwa. Kobe walipata wa kuwasemea. Watu wa Chagos hawakupata.

Tatu, kumsainisha asiyejua kusoma. Mwaka 1982 Uingereza ilikubali kutoa paundi milioni 4 kwa waliohamishwa. Ili kupata fungu lake, mtu alitakiwa kuweka alama katika karatasi ya kuacha madai yake yote. Karatasi hizo zilikuwa katika Kiingereza cha wanasheria, na wengi wakaweka kidole gumba. Baadaye walisema hawakujua kuwa wanaacha haki ya kurudi kwao. Mimi hufundisha kisomo cha watu wazima nyakati za jioni, na nikifikiria vidole hivyo moyo huniuma. Wanaoona kisomo ni kupoteza wakati wawakumbuke watu hao.

Nne, kuchelewesha mpaka wenye haki wafe. Mwaka 2000 mahakama ya London iliamua kuwa kuwahamisha kulikuwa kinyume cha sheria. Mwaka 2004 serikali ya Uingereza ikatumia amri ya Malkia kuwazuia tena. Tarehe 25 Februari 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ambayo rais wake wakati huo alikuwa Abdulqawi Ahmed Yusuf, mwana wa Somalia, ilitoa maoni kwa kura 13 kwa 1 kwamba Uingereza iondoke upesi. Aliyepinga alikuwa jaji wa kutoka Marekani. Mwezi Mei mwaka huo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaunga mkono kwa kura 116 dhidi ya 6. Hatimaye, tarehe 22 Mei 2025, Uingereza ilitia saini mkataba wa kuirudishia Mauritius mamlaka juu ya Chagos. Lakini mkataba huo huo unaiachia Uingereza madaraka ya Diego Garcia kwa miaka 99, na kituo cha kijeshi kinabaki pale pale. Mtoto aliye darasa la kwanza leo atakuwa na miaka zaidi ya 100 muda huo ukiisha.

Huenda mzee wangu akauliza, na sisi tumeumia nini? Kutoka kisiwa hicho ndege za mabomu ziliruka kwenda Iraki mwaka 1991, Afghanistan mwaka 2001 na Iraki tena mwaka 2003. Vita vya Ghuba vikipandisha bei ya mafuta, mkulima wa hapa huviona katika bei ya taa, ya mbolea na ya nauli.

Wala asidhani kuwa Marekani peke yake ndiyo yenye tabia hii. Urusi ya Kisovieti ilikuwa na kituo Berbera, Somalia. Mwaka 1977 Somalia ilipopigana na Ethiopia, Warusi waliiacha Somalia wakahamia upande wa Ethiopia. Mwaka 1980 Wamarekani wakapatana kuitumia bandari ile ile ya Berbera. Wakubwa walibadilishana viti, silaha zikabaki mikononi mwa ndugu, na mwaka 1991 dola ya Somalia ikavunjika. Leo hii katika nchi ndogo ya Jibuti wamo Wamarekani, Wafaransa, Wajapani, na tangu mwaka 2017 Wachina pia. Anayekuja na shoka la kulia na anayekuja na shoka la kushoto wote wanautazama mti ule ule.

Je, mnyonge hana la kufanya? Analo. Tanzania iliungana na Sri Lanka, na tarehe 16 Desemba 1971 Baraza Kuu likatangaza Bahari ya Hindi kuwa eneo la amani. Najua kuwa mwaka huo huo Diego Garcia ilikuwa ikisafishwa watu wake. Lakini kura zile 116 za mwaka 2019 zilipigwa kwa wingi na nchi ndogo kama yetu, na bila kelele za miaka mingi mkataba wa 2025 usingekuwapo. Vile vile mwaka 1965 Ujerumani ya Magharibi ilipotumia misaada kutuchagulia marafiki, Mwalimu Nyerere aliikataa. Tulikuwa maskini kuliko leo, na hatukufa.

Kwa hiyo nawaomba viongozi wetu, wakija wageni na ahadi za bandari, viwanja vya ndege au "ushirikiano wa ulinzi", mkataba usomwe hadharani, kwa Kiswahili, kabla ya kutiwa saini. Na sisi walimu, tunapofundisha ramani, tusiviruke vile vinukta vidogo vya baharini. Nitakwenda na ramani hiyo kwa yule mzee, nimwonyeshe kuwa nyasi zetu hazikuwa mbali hata siku moja.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Njombe.