Pumu Uvira: dawa ni ya zamani, chombo ndicho wamekifunga

Tuseme mambo wazi. Mutu wa Uvira mwenye pumu hakosi pumzi kwa sababu dawa yake haijavumbuliwa. Salbutamol, ile dawa ya pompe ya bluu ambayo kila farmasi inaijua, ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1969. Leo hakuna kampuni inayoweza kusimama na kusema dawa ile ni mali yake peke yake. Hata dawa nyingi za kuzuia, zile zinazotuliza mapafu kila siku ili shambulio lisije usiku, nazo zina miaka mingi.

Basi kwa nini toka Kavimvira mpaka Kalundu, na kuteremka mpaka Makobola na Baraka, mgonjwa bado anatibiwa kwa vidonge na sindano, na pompe anaipata kwa bahati? Sababu ziko nyingi: vita, barabara, umaskini. Lakini kuna moja ambayo hatuizungumzii, nayo ni chombo chenyewe. Dawa ya kuvuta haimezwi. Lazima ifike ndani kabisa ya mapafu, na kwa hiyo inataka kifaa cha kuisukuma. Kifaa hicho kina mwenyewe.

Tuanze na vyombo vya unga mkavu, vile visivyotumia gesi. Mvumbuzi wa kimoja cha kwanza kujulikana alikuwa munganga Roger Altounyan, mzaliwa wa Siria, aliyefanya kazi Uingereza na ambaye mwenyewe alikuwa na pumu. Alijijaribia dawa kwa mapafu yake. Wakati wa vita alikuwa amefundisha urushaji wa ndege, na akachukua wazo la panga boi: mgonjwa anatia kapsuli ndani ya kifaa, anaitoboa, anavuta pumzi kwa nguvu, kipanga kidogo kinazunguka na unga unaruka mpaka mapafuni. Hiyo ilikuwa miaka ya 1960. Toka wakati ule wamekuja wengine: chombo chenye mkanda wa dozi 60 uliozungushwa ndani kama saa, chombo chenye ghala la unga na kitako cha kuzungusha, na vingine vingi. Kazi yao wote ni moja: kupasua unga uwe chembe ndogo sana, zisizozidi sehemu tano za elfu za milimita. Zikiwa kubwa kuliko hapo, zinabaki kooni.

Sasa tuje kwa hataza, ile ambayo wanasheria wetu wanaiita brevet. Serkali inampa mvumbuzi haki ya peke yake kwa miaka 20, halafu uvumbuzi unakuwa wa watu wote. Ni haki, sipingi. Mutu aliyetoa jasho alipwe. Shida inaanza pale kampuni inapochukua dawa ya zamani, inaitia katika sanduku jipya, na kuomba hataza juu ya sanduku: juu ya kifuniko, juu ya kihesabu dozi, juu ya chemchemi ndogo ya ndani. Hataza moja ikiisha, nyingine iko njiani. Watafiti wa Marekani walihesabu pompe zote zilizokubaliwa kwao toka 1986 mpaka 2020, wakaona zaidi ya nusu ya hataza zilikuwa juu ya vifaa, si juu ya dawa. Kuna chombo kimoja cha unga, Advair Diskus, ambacho hataza ya dawa zake iliisha 2010, lakini nakala yake ya bei nafuu ilikubaliwa Marekani Januari 2019. Miaka tisa hiyo, mgonjwa alikuwa analipia plastiki. Mwaka 2023 hata ofisi ya Marekani inayolinda ushindani ilianza kupinga hataza za namna hiyo, na Desemba 2024 mahakama kubwa ya huko ikasema kwamba hataza ya kifaa kitupu, isiyotaja dawa, haina nafasi katika orodha inayozuia nakala.

Mutu ataniuliza: hayo ya Marekani yanatuhusu nini sisi wa Tanganyika? Yanatuhusu kwa njia mbili.

Ya kwanza ni kwamba sisi hatutengenezi pompe. Tunanunua zile ambazo viwanda vya nchi za mbali, hasa India, vinaruhusiwa na vinapata faida kuzitengeneza. Hataza haitusimamishi kwenye mpaka wa Kavimvira. Inasimamisha kiwanda kabla sanduku halijapanda meli.

Ya pili ni kubwa zaidi, na iko mbele yetu. Pompe ya kawaida inasukumwa na gesi. Gesi ya zamani ilikuwa inatoboa anga, dunia ikaikataza. Marekani waliiondoa kwenye pompe za salbutamol mwisho wa 2008, na siku ile nakala za bei nafuu zilitoka sokoni, kwa sababu pompe za gesi mpya zilikuwa na hataza mpya. Wagonjwa walilipa zaidi kwa dawa ileile. Sasa ile gesi mpya nayo inachemsha dunia, na mapatano yaliyotiwa sahihi Kigali, hapa jirani, Oktoba 2016, yanataka ipunguzwe. Makampuni tayari yanatayarisha gesi nyingine. Kama hatutajitayarisha, pompe ya bei nafuu tunayoipata leo kwa shida, kesho itakuwa ya matajiri.

Unga mkavu hauna gesi. Na vyombo vya kapsuli vya mtindo wa zamani, vipande viwili vitatu vya plastiki, hataza zake za kwanza zilikwisha kitambo. Kiwanda chochote kinaweza kuvitengeneza. Mlango huo uko wazi, na hatuna sababu ya kuupita.

Kuna wanaosemaka kwamba sheria za biashara za dunia zimetufunga mikono. Si kweli. Congo ni mwanachama wa Shirika la Biashara Duniani toka 1 Januari 1997, lakini iko katika hesabu ya nchi zilizo nyuma kimaendeleo. Nchi hizo haziko chini ya lazima ya kulinda hataza za dawa mpaka 1 Januari 2033, na kwa mambo mengine mengi ya hataza, vifaa vikiwemo, mpaka 1 Julai 2034. Tena hataza haivuki mpaka yenyewe: kama haikuandikishwa Kinshasa, haina nguvu Kinshasa. Lakini ruhusa hiyo haijitendei kazi. Sheria yetu ya mali ya viwanda ni ya 7 Januari 1982, ya wakati wa Zaïre, kabla shirika hilo halijazaliwa. Wabunge wetu wangeweza kuandika humo waziwazi kwamba Congo inatumia nafasi iliyopewa. Mpaka hapo, ruhusa iko Geneva na mgonjwa iko Mulongwe.

Lakini tusidanganyane: unga si dawa ya kila mutu. Chombo cha unga kinaendeshwa na pumzi ya mgonjwa mwenyewe. Mutoto mdogo hawezi kuvuta kwa nguvu ile, na mutu mzima aliyebanwa sana naye anaweza kushindwa. Tena unga hauvumilii unyevu. Huku kwetu kando ya ziwa, wakati wa mvua, chumvi inaganda ndani ya kopo. Unga wa mapafu nao unaganda vilevile. Kapsuli ibaki katika karatasi yake mpaka dakika ya kutumia, na mgonjwa asipulizie ndani ya kifaa, maana pumzi yetu ina maji. Kwa hiyo anayeagiza kwa ajili ya Uvira asiangalie bei tu. Aulize pia namna ilivyofungwa.

Na kwa mutoto je? Hapo kuna habari njema ambayo haina hataza hata moja. Mutoto anahitaji pompe ya gesi pamoja na chumba kidogo cha kushika moshi wa dawa ili auvute polepole. Chumba cha dukani ni ghali. Mwaka 1999 munganga Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha katika jarida la Lancet kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitako kwa kipimo cha mdomo wa pompe na kuzibwa vizuri pembeni, inafanya kazi sawa na kile cha dukani. Chupa zile ndizo zinaziba mifereji yetu kila mvua. Tunazikanyaga wakati mutoto anachomwa sindano.

Najua neno litakalokuja: Uvira ina kipindupindu, ina mafuriko, imeona Mulongwe ikibeba nyumba Aprili 2020, ina vita; pumu itangojea. Mimi nasema haingojei. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 pumu iliua watu 455 000, wengi wao katika nchi kama yetu, ambako ugonjwa haupimwi na dawa haipatikani. Kipindupindu kina hema lake na bendera ya shirika. Mwenye pumu hana hema. Ana moshi wa makala, moshi wa samaki wanaobanikwa, mavumbi ya barabara, na motari wa kumtafuta saa nane za usiku.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji muujiza. Kinshasa iandike katika sheria ile ruhusa ya 2033, na ofisi ya kusimamia dawa ipokee haraka vyombo rahisi vya kapsuli vilivyokwisha kukubaliwa kwingine. Halafu, tuko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki toka 2022: tununue pamoja na majirani, maana kiwanda hakitengenezi kwa ajili ya mji mmoja, lakini kwa ajili ya nchi nane kitasikia. Tatu, zone de santé iweke pompe ya kuzuia na ile ya kuokoa katika kila kituo cha afya, pamoja na muuguzi anayejua kuonyesha namna ya kuvuta na namna ya kutoboa chupa.

Nasi wananchi tuna letu. Tuache ile hadithi ya mitaani, eti «pompe itakuzoeza, hautaiachaka mpaka kufa». Pompe haiui. Anayeogopa pompe na kungojea mpaka midomo ibadilike rangi, huyo ndiye tunamzika. Wamama, wababa, mukiandikiwa pompe, muombe muonyeshwe, muvute mbele ya munganga, murudilie mpaka mufaulu.

Januari 2033 haiko mbali. Siku ile tutaulizwa tulifanya nini na mlango uliokuwa wazi. Afadhali tuwe na jibu.