Goma na Bukavu: kabla ya kununua kontenere ya kuweka mali, uliza karatasi zake

Kontenere ya chuma iliyoacha kusafiri baharini si kitu kigeni kwa wakaaji wa Goma na Bukavu. Kuna zilizogeuzwa kuwa maduka, kuna za ofisi, na nyingine zinatumika kama depo. Lakini tangu mwanzo wa mwaka 2025, swali la mahali pa kuweka mali limepata uzito mpya.

Sababu ni mbili. Ya kwanza ni uporaji. AFC/M23 ilipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, kisha Bukavu katikati ya Februari, depo ziliporwa, zikiwemo za Programu ya Chakula Duniani, PAM. Bukavu peke yake, PAM ilitangaza kwamba karibu tani 7,000 za chakula zilibebwa. Ya pili ni pesa. Benki zilifunga milango katika miji hiyo miwili. Mfanyabiashara asiyeweza kuweka dola zake benki anazigeuza kuwa unga, mafuta ya kupikia, simenti ao mabati. Kwa hiyo depo imekuwa pia sanduku la akiba.

Hapo ndipo kontenere inapovutia. Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano na nyumba nyingi ni za mbao. Bukavu nyumba zimebanana milimani, na moto ukishika moja, za jirani haziponi. Kontenere haihitaji msingi, panya haitoboi, na siku ya kuhama inaweza kubebwa. Ile ya futi 20 ina urefu wa mita 6 na upana wa karibu mita 2.4, ndani yake mna mita za ujazo karibu 33. Ya futi 40 ina urefu mara mbili.

Lakini swali la kwanza si bei. Ni hili: mwenyewe ni nani?

Kontenere nyingi zinazoleta mizigo mashariki mwa Congo ni mali ya kampuni za meli ao za kukodisha. Mwenye mzigo anaweka dhamana bandarini Mombasa ao Dar es Salaam, na akichelewa kurudisha kontenere tupu, anahesabiwa faini kwa kila siku. Kwa forodha pia, kontenere inaingia nchini kwa muda tu. Ikibaki, inapaswa kulipiwa kama bidhaa nyingine. Basi anayekuuzia kontenere bila karatasi ya mauzo kutoka kwa kampuni yenye mali, na bila karatasi ya forodha, huenda anakuuzia kitu kisicho chake.

Kuna njia rahisi ya kuanza kuhakikisha. Kila kontenere ina namba: herufi 4, ya mwisho ikiwa U, halafu tarakimu 7. Herufi 3 za kwanza zinaonyesha mwenyewe, na zimeandikishwa katika ofisi ya kimataifa ya makontenere iliyoko Paris. Namba ya mlangoni ilingane na ya ubavuni na ile iliyo kwenye karatasi. Ikiwa imekwanguliwa ao kufunikwa na rangi mpya, heri kuacha.

Hali ya sasa inaongeza ugumu. Katika miji iliyo chini ya AFC/M23, kodi zinalipwa kwa vuguvugu hilo, na Kinshasa haitambui utawala wake. Karatasi iliyotolewa Goma inaweza kukataliwa Beni ao Butembo, na hali ya kisiasa ikibadilika, inaweza kukataliwa hata palepale. Mnunuzi hana uwezo wa kumaliza mzozo huo. Anachoweza ni kutunza kila risiti, kuandika mkataba wenye tarehe, namba ya kontenere na mashahidi, na kuweka nakala mahali pengine.

Baada ya karatasi, chuma chenyewe. Ingia ndani mchana, fungisha milango, utazame: mwanga ukipenya, mvua nayo itapenya. Angalia mpira wa milango na kutu kwenye paa na pembe. Sakafu ni ya mbao zilizotiwa dawa ya wadudu, na kontenere inaweza kuwa ilibeba kemikali. Ikinuka, usiweke humo unga wala maharage. Hata ile nzima ina shida ya unyevu. Usiku wa baridi, hewa ya ndani inageuka maji kwenye paa na kudondokea magunia. Inafaa kuongeza matundu ya hewa na kupanga mali juu ya mbao, mbali kidogo na kuta.

Halafu kuna parseli. Ukiweka kontenere kando ya barabara, siku moja viongozi wa mji wataagiza iondolewe. Ukiiweka kwa mtu, mkataba uonyeshe wazi kwamba parseli ni yake na kontenere ni yako. La sivyo, siku ya ugomvi wa kodi ya nyumba, anaizuia. Gharama ya lori na mashine ya kuinyanyua ihesabiwe mbele, maana tupu ya futi 20 ina uzito unaopita tani 2.

Mwishowe, tusijidanganye. Ukuta wa kontenere una unene usiozidi milimita 2 hivi. Unamchelewesha mwizi wa usiku, lakini haumzuii mtu mwenye bunduki. Mfanyabiashara mwenye akili hataweka akiba yote nyuma ya kufuli moja. Atagawa mali sehemu mbili ao tatu. Depo moja iliyojaa haiwezi kuchukua nafasi ya benki, na kadiri benki zinavyobaki zimefungwa, hatari hiyo inabaki juu ya mgongo wa mchuuzi.