Wavulana na Jiko

Wako wavulana wenzangu wasemao kwamba jiko si mahali pa mwanamume. Mimi nami ni mvulana wa kidato cha tatu, na maoni yangu ni kinyume. Nitayaeleza kwa mfano wa chakula kimoja chepesi, ili asiwepo wa kujitetea ati hajui kupika.

Tazameni Jumamosi ya Februari, Kilosa au kwetu Mikumi, jua likiwa utosini. Dada yuko mbele ya moshi, kaka yuko chini ya mwembe na daftari lake. Jumatatu wote wawili hufanya jaribio lile lile la hesabu, kisha twashangaa kwa nini dada amepata alama chache. Saa zile za jikoni nani aliyemrudishia?

Basi jaribuni saladi ya maharage na samaki wa kopo. Usiku loweka kikombe kikubwa cha maharage. Asubuhi mwaga maji yale, tia mengine, uyachemshe kwa moto ule ule uliopikia chai, mpaka yaive kabisa. Maharage, hasa mekundu, yasipoiva sawasawa huumiza tumbo. Yachuje, yafunike, yapoe. Mchana huna haja ya moto tena. Osha kwa maji safi nyanya tatu, kitunguu na pilipili hoho, ukatekate. Fungua makopo mawili ya samaki, wavunjevunje, changanya vyote, kamulia ndimu mbili na chumvi kidogo. Watu wanne watashiba kwa mkate, na kazi ya mchana haizidi dakika 15. Kiliwe siku ile ile, maana joto letu huchachusha maharage upesi. Na kopo lililovimba litupwe, wala lisionjwe.

Tena ni chakula chenye nguvu. Maharage yana protini na madini ya chuma. Ndimu na nyanya huusaidia mwili kuyapokea madini hayo. Mifupa laini ya samaki wa kopo hujenga mifupa yetu.

Mzazi atasema kopo ni ghali. Ni kweli. Basi tumia dagaa wa Kigoma, mji ulio mwisho wa Reli ya Kati ipitayo hapa Kilosa. Waoshe vizuri na uwakaange asubuhi, moto ungali unawaka.

Mwingine atasema haya ni mambo ya kike. Namwuliza: aliyevumbua njia ya kuhifadhi chakula namna hii alikuwa nani? Alikuwa Mfaransa Nicolas Appert, mpishi na mtengenezaji wa peremende. Mwaka 1810 serikali yake ilimtunza kwa kuonyesha jinsi ya kufunga chakula ndani ya chupa na kukichemsha kisiharibike. Baadaye wengine wakatumia kopo la bati. Na leo, katika hoteli za watalii zilizo karibu na Hifadhi ya Mikumi, wamo wanaume wapikao kwa mshahara, wala hakuna awachekaye. Yawaje basi kazi iwe ya heshima ikilipwa na mgeni, na iwe ya aibu ikifanywa kwa ajili ya mama na dada?

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Sisi twalieleza vizuri sana katika mtihani, kisha twarudi nyumbani kungoja sahani. Kujitegemea gani huko?

Sisemi wasichana waache kupika. Nasema zamu igawanywe kama zamu ya kufagia darasa, Jumamosi hii kaka, Jumamosi ijayo dada. Wazazi nanyi mtusaidie: msimwite binti peke yake kila chungu kinapotakiwa motoni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na sisi wavulana tumesimama wima muda mrefu mno.