Je, Ng'ombe Ndiye Aliyeharibu Nchi?



Juma lililopita, tukirejea kutoka kigango kimojawapo upande wa Basotu, tulilazimika kusimama njiani zaidi ya robo saa tukingoja kundi la ng'ombe lipite. Vumbi lilikuwa jingi hata mlima Hanang haukuonekana. Katekista tuliyekuwa naye garini, mtu wa busara na mkulima hodari wa mbaazi na alizeti, alitikisa kichwa akasema: "Padre, hawa ndio wanaotumalizia nchi." Tulinyamaza. Hatukunyamaza kwa kukubaliana naye, bali kwa kukumbuka kwamba sisi wenyewe, tukiwa altareni, tumepata kusema maneno ya namna hiyo zaidi ya mara moja, hasa nyakati za kiangazi kikali, tulipowahimiza wafugaji kupunguza mifugo kana kwamba hilo peke yake lingetosha. Tafakari ya juma hili ni jaribio la kuyasahihisha yale tuliyoyasema.

Tuanze na jani lenyewe, maana wengi wetu tunalikanyaga kila siku bila kulifahamu. Nyasi nyingi za nyanda zetu huota kutoka chini, karibu na ardhi, wala si kutoka nchani kama ulivyo mti. Ndiyo maana ng'ombe akizila, hazifi, huchipua tena. Lakini zinapochipua hutumia akiba iliyo mizizini. Zikiachwa majuma kadhaa ya mvua, hurudisha akiba hiyo na mizizi hushuka chini zaidi. Zikiliwa tena zingali changa, na tena, na tena, mizizi husinyaa hadi shina likafa, na mahali pake hubaki udongo mtupu ambao jua huukausha na mvua ya kwanza huusomba. Ng'ombe kumi wanaozunguka katika malisho yale yale mwaka mzima waweza kuyaharibu, na ng'ombe mia waliopita hapo siku chache kisha wakaondoka waweza kuyaacha salama. Kumbe swali si idadi peke yake. Swali ni muda: wameingia lini, wametoka lini, na watarudi baada ya siku ngapi.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kusema kwamba ng'ombe, akiongozwa vema, huiponya ardhi: kwato zake huvunja gamba gumu la udongo ili maji yaingie, na samadi yake hurudisha rutuba. Allan Savory wa Zimbabwe alilitangaza wazo hilo duniani kote, hususan katika hotuba yake ya mwaka 2013 iliyosikilizwa na mamilioni ya watu, akidai kwamba njia hiyo yaweza hata kurudisha nyuma mabadiliko ya tabianchi. Yatupasa kuwa wakweli: wanasayansi kadhaa waliopitia majaribio ya malisho sehemu mbalimbali hawakuyaona matunda makubwa kiasi hicho, na madai yake kuhusu tabianchi wameyapinga waziwazi. Nasi hatutaki kuuza dawa ya kuponya kila ugonjwa. Walioizunguka Tanzania na dawa za namna hiyo wanatosha. Lakini sehemu ya wazo hilo, ile ya kuyapumzisha malisho, haikutoka Zimbabwe wala Marekani. Ilikuwa hapa, wilayani Hanang, kabla hata mmisionari wa kwanza hajafika.

Ndugu zetu Wabarabaig, ambao ni tawi la Wadatoga (na tungewaomba waamini waache kuwaita Wamang'ati, kwa kuwa jina hilo lina maana ya maadui, na walipewa na Wamasai waliopigana nao), walikuwa na utaratibu wa malisho ambao mtafiti Charles Lane aliueleza kwa kirefu baada ya kuishi miongoni mwao katika miaka ya 1980. Waliyatambua malisho ya aina nyingi, kila moja na msimu wake: miteremko ya mlima, kandokando ya mito, maeneo yenye chumvichumvi karibu na maziwa, na yale waliyoyathamini kuliko yote, nyanda za Basotu zenye udongo wa rutuba, ambazo waliziita muhajega. Huko walikwenda wakati wa mvua, kulipokuwa na maji ya madimbwi na nyasi bora kabisa. Wakati wako huko, malisho ya kiangazi yalipumzika na kuota bila kuguswa. Maji ya Basotu yalipokauka, walihama, na muhajega nayo ikapumzika.

Kisha likaja shamba la ngano. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa msaada wa serikali ya Kanada, nyanda hizo zilianza kulimwa na Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, hadi yakawapo mashamba saba yenye jumla ya ekari kama 100,000. Hatusemi nia ilikuwa mbaya. Taifa lilihitaji mkate, na kwa mgeni aliyefika kiangazi nyanda zile zilionekana tupu. Lakini zilikuwa zimepumzishwa tu. Njia za mifugo zilifungwa, watu waliondolewa katika maboma yao, hata makaburi ya wazee, yale yenye vichuguu vya udongo wanavyovijenga kwa heshima kubwa, yalipitiwa na matrekta. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa ushindi mwaka 1984, na Mahakama ya Rufani ikautengua mwaka 1985. Baadaye mashamba yale yalibinafsishwa, na baadhi ya ardhi ikarudi mikononi mwa vijiji, ambako sehemu kubwa imeendelea kulimwa.

Ekari laki moja ni sehemu ndogo tu ya wilaya, na mtu aweza kuuliza: kwa nini wafugaji wasitumie eneo lililobaki? Hapa ndipo penye kiini cha jambo zima. Mtu aliyenyang'anywa malisho ya masika analazimika kukaa mwaka mzima katika malisho ya kiangazi. Nyasi ambazo zamani zilipata miezi mitano ya kuota sasa huliwa tangu chipukizi la kwanza. Mifugo ni ile ile, wachungaji ni wale wale, ila ardhi haipumziki tena. Miaka ikapita, makorongo yakafunguka, na wageni wa kizazi kilichofuata, nasi mapadre tukiwamo, wakatazama makorongo hayo wakasema: ng'ombe. Haya makorongo, tusisahau, yalifunguka pia ndani ya mashamba ya ngano yenyewe, ambamo ng'ombe hakuruhusiwa kutia mguu.

Tungekuwa hatutendi haki kama tungewaficha wasomaji upande wa pili. Idadi ya mifugo nchini imeongezeka sana, sasa ng'ombe peke yao ni zaidi ya milioni 30, na watu tumeongezeka, na hekta hazijaongezeka. Pia ipo mifano ambapo kuondoa mifugo kulifaa. Jirani zetu wa Kondoa wanaikumbuka HADO, mradi wa kuhifadhi ardhi ulioanza mwaka 1973. Ulipofika mwaka 1979 mifugo yote, zaidi ya 80,000, iliamriwa kutoka katika eneo lililoliwa na mmomonyoko. Vilima vikarudisha majani. Anayepita leo barabara ya Kondoa aweza kujionea miti palipokuwa na udongo mwekundu mtupu. Kwa hiyo pale ambapo ardhi imekwisha kuchanika, atakayesema "leteni ng'ombe wairekebishe" anadanganya; hapo dawa ni kufunga. Lakini tuulize pia gharama aliyelipa nani: familia zilizokosa maziwa na samadi, na vijiji jirani vilivyopokea mifugo hiyo yote kwa mara moja. Muongo mmoja baadaye ng'ombe waliruhusiwa kurudi, safari hii wakifungwa na kukatiwa majani.

Kwa maoni yetu, mfano unaotufaa zaidi uko Shinyanga. Huko Wasukuma wana desturi ya ngitili: mvua zinapoanza, sehemu ya malisho hufungwa, majani huota na kukauka yakiwa yamesimama, kisha hufunguliwa katikati ya kiangazi kwa ajili ya ndama, ng'ombe wa maziwa na maksai wa kulimia. Desturi hiyo ilikaribia kufa. Mkoa wenyewe uligeuka karibu jangwa, hata Mwalimu Nyerere alipoutembelea mwaka 1984 alishtuka. Mradi wa HASHI ulioanzishwa mwaka 1986 ulifanya jambo la busara ambalo ni nadra kwa miradi: uliwauliza wazee. Wakati huo ngitili zilizohesabiwa zilikuwa kama hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Hakuna aliyewafukuza ng'ombe Shinyanga. Walipangiwa zamu.

Wairaqw nao, tusije tukaonekana kuwapendelea wafugaji peke yao, wana elimu yao. Kule Irqwa Da'aw, milima ya asili yao, ambako ardhi ni finyu na watu ni wengi tangu zamani, ng'ombe hulala nyumbani na samadi yake hupelekwa shambani kwa utaratibu, na wenye mifugo mingi waliwakopesha rafiki zao wa bondeni ili wasielemee mlima. Hapa Haydom, nchi iliyojaa watu baada tu ya mapori ya mbung'o kufyekwa karne iliyopita, elimu hiyo tumeifuata nusunusu. Mkulima anataka samadi lakini hataki kuona ng'ombe. Mfugaji anataka mabua ya mahindi lakini hataki kungoja mavuno yamalizike. Wakati huo huo, kila anayelima mahali palipokuwa boma la zamani anajua mahindi yanavyostawi hapo. Huko Laikipia, nchini Kenya, watafiti wameona kwamba mahali pa boma lililohamwa hubaki uwanda wa majani mazuri kwa miongo mingi, na baadhi ya ranchi sasa huhamisha mazizi kwa makusudi, majuma machache hapa, majuma machache pale, ili kutibu vipara vya udongo mgumu.

Katika kitabu cha Mwanzo, wachungaji wa Abramu na wa Lutu waligombana kwa sababu nchi haikuwatosha kukaa pamoja, na Abramu, ingawa ndiye mkubwa, alimwachia mwenzake achague upande. Tumezoea kuhubiri ukarimu wa Abramu. Mzee mmoja wa Kibarabaig, ambaye hajabatizwa lakini huja kutusalimu, alipoisikia habari hiyo alituuliza: "Padre, na kama upande wa pili umekwisha kulimwa?" Hatukuwa na jibu siku ile. Hapa kwetu hakuna tena upande wa pili. Yaeda Chini kuna Wahadzabe, ambao mwaka 2011 walipata hati ya kimila ya pamoja kwa ardhi yao, na ni haki yao kabisa. Mipango ya matumizi ya ardhi ya bonde lile imetenga pia maeneo ya malisho ya msimu kwa Wadatoga. Hilo linatuonyesha kwamba sheria ya ardhi ya vijiji ya mwaka 1999 inatosha, vijiji vikiamua. Vingi havijaamua. Mkutano wa kijiji unapofika kwenye ajenda ya malisho, waliopo ukumbini ni wakulima, na wafugaji wako porini na ng'ombe.

Sasa tuje nyumbani, na hapa tunaomba radhi. Parokia ina ekari kumi na mbili upande wa chini, zinazofika hadi kwenye korongo. Miaka mitatu iliyopita sisi wenyewe tuliidhinisha zilimwe, tena kwa trekta, tukifuata mteremko kutoka juu hadi chini, kwa sababu tulihitaji fedha za bati la kanisa la kigango. Mwaka wa kwanza tulipata magunia ya kuridhisha. Mwaka wa pili nusu yake. Masika iliyopita korongo limepanda hatua ishirini ndani ya shamba. Tulizihesabu kwa miguu yetu. Hakuna ng'ombe aliyehusika.

Tunapendekeza kwamba ekari hizo zisilimwe tena. Sehemu ya chini, kandokando ya korongo, ifungwe kabisa kwa miaka kadhaa, mifugo isiingie. Ekari nane za juu zigawanywe kwa ua wa miba katika vipande vinne, vifungwe mvua zikianza Novemba, na vifunguliwe kimoja kimoja kuanzia Julai, kwanza kwa ng'ombe wa maziwa wa wajane na wa familia zenye wagonjwa. Baada ya kila kipande kuliwa, mazizi yakae hapo siku chache kabla ya kuhama. Tunajua baadhi ya wajumbe wa Halmashauri ya Parokia wanaona ni kupoteza mapato, na wamesema hivyo kwa uwazi, jambo tunalowashukuru. Huenda mwaka wa kwanza hatutapata hata shilingi.

Kikao kitafanyika Jumapili ijayo baada ya Misa ya pili, chini ya mgunga ulio karibu na lango. Viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo waje na majina ya wenye ng'ombe, pamoja na wale wasiosali kwetu. Mzee aliyetuuliza swali lile ameahidi kuja, na amesema atataka kwanza kuliona korongo, kwa hiyo wanaoweza wafike saa moja kabla, tushuke naye.