Usipige Dawa kwa Mdudu Usiyemjua: Pasua Jani Kwanza

Ndugu mkulima, kila msimu wa nyanya hapa bondeni Malagarasi hadithi ni ile ile. Mtu anaona michirizi myeupe kwenye jani, anapiga picha, anaituma kwenye kundi la WhatsApp. Chai haijachemka ameshapata majibu matano. "Kantangaze hiyo." "Fukusi hao." "Piga dawa kali." Hakuna hata mmoja aliyeuliza: ndani ya hilo jani kuna nani?

Nasema wazi, tabia hii inatuumiza, na mkulima si wa kulaumiwa peke yake. Yupo muuza pembejeo anayetaja jina la dawa kabla ya jina la mdudu. Wapo na baadhi ya maafisa ugani wenzangu wanaoandika kwenye taarifa "wadudu waharibifu wa majani" kisha wanafunga daftari. Hilo si jina la mdudu. Daktari akiandika "mgonjwa anaumwa", utampa dawa gani?

Pasua jani, angalia aliyemo

Chukua wembe au sindano, fungua handaki taratibu, tumia kamera ya simu kukuza. Ni kazi ya dakika mbili.

1. Hana miguu na kichwa hakionekani. Huyo ni funza wa inzi. Anayejulikana sana kwenye nyanya, maharage na mboga ni Liriomyza. Mchirizi wake kwa kawaida ni mwembamba na umejipinda kama nyoka.

2. Ana kichwa kigumu na miguu. Huyo ni kiwavi wa nondo. Kwenye nyanya mshuku Tuta absoluta, ndiye kantangaze mwenyewe. Handaki lake ni pana kama baka, na haishii kwenye majani, anaingia hadi kwenye tunda. Kwenye kahawa, kidomozi naye ni wa kundi hili la nondo.

3. Hana miguu, lakini kichwa ni kigumu cha rangi ya kahawia. Hapa ndipo unaweza kumshuku buu wa fukusi. Usikimbilie kutangaza. Wapo mbawakawa wengine na hata nondo wachache wanaofanana naye wakiwa wachanga. Subiri akue. Fukusi mkubwa ana mdomo mrefu uliochongoka mbele kama mkonga, na kwa fukusi wengi vipapasio vinaota kwenye mdomo huo na vimepinda kama kiwiko.

Kumbuka pia kwamba fukusi tuliowazoea, wa migomba na wa viazi vitamu, hawachimbi handaki kwenye majani. Wa migomba hutoboa tunguu, wa viazi hutoboa kiazi na shina. Duniani zimeelezwa zaidi ya spishi 50,000 za fukusi, na wanaoishi ndani ya jani ni wachache. Kwa hiyo anayesema "fukusi" kwa sababu tu jani limechimbwa, anabahatisha.

Hasara ya kubahatisha

Dawa inayoua kwa kugusa haimfikii vizuri mdudu aliyejificha katikati ya ngozi mbili za jani. Inawafikia nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya funza wa Liriomyza na kuwaua. Ukiwamaliza nyigu hao, inzi wanaongezeka kuliko ulivyoanza. Kantangaze naye, katika nchi nyingi amethibitika kuwa sugu kwa dawa za jamii ya pairethroidi. Unanunua chupa, unavuta sumu puani, na mdudu anaendelea kula.

Sisi wa michikichi tuna sababu nyingine. Fukusi wadogo wa jenasi Elaeidobius, wenyeji wa Afrika, wanazaliana kwenye ua dume la mchikichi na kupeleka chavua kwenye ua jike. Malaysia walikuwa wakichavusha kwa mikono, hadi mwaka 1981 walipopelekewa fukusi hao kutoka Kameruni. Mwenzao anawathamini hivyo, halafu wewe unapuliza ua dume kwa sababu umesikia "fukusi ni adui"?

Na upo upande wa pili. Afrika Magharibi kuna mbawakawa aitwaye Coelaenomenodera, mchimba majani ya michikichi anayeweza kuacha shamba likionekana kama limeunguzwa moto. Hana mdomo mrefu, si fukusi. Siku mdudu wa namna hiyo akionekana kwetu, tutamtambua mapema ikiwa tu tumezoea kuandika tulichokiona.

"Bwana shamba, wadudu hawasubiri"

Naisikia hoja hiyo, na ina ukweli. Lakini kungoja jina si kukaa bure. Chuma majani yaliyoshambuliwa, yafukie kwa kina au yachome. Usiyatupe pembeni ya shamba. Wakati huo huo andaa sampuli:

- Weka majani machache kwenye chupa pana inayoonyesha ndani, funika kwa kitambaa chepesi, subiri mdudu mkubwa atoke.
- Mabuu wachache watie kwenye spiriti.
- Jani la kupeleka lilaze kwenye gazeti. Mfuko wa plastiki utaliozesha.
- Andika zao na aina ya mbegu, kijiji, tarehe, sehemu ya mmea, umbo la handaki, kinyesi kimekaaje ndani yake, na rangi ya mdudu akiwa hai.

Wataalamu wapo. TARI Kihinga wanashughulikia mchikichi hapa hapa mkoani kwetu, na TPHPA, yenye makao makuu Arusha, ndiyo yenye dhamana ya afya ya mimea na viuatilifu. Lakini mtaalamu hawezi kutambua mdudu kwa picha yenye ukungu na neno "fukusi".

Muuza duka akikutajia dawa, muulize mdudu anaitwa nani na amemtambuaje. Akishindwa kujibu, rudi na pesa yako mfukoni, kisha niletee hilo jani ofisini.