Simu ya Nesi Haina Zamu

"Khanga ngapi zimelowa?" Nesi mkunga anauliza saa nane usiku, simu sikioni, mzazi akivuja damu kwenye kibanja kilicho mbali na zahanati. Hamwoni mgonjwa. Anapima damu kwa khanga, anapima hatari kwa sauti ya mama mkwe anayejibu kwa Kinyambo, na hapo hapo kitandani anatakiwa kuamua. Akikata simu, usingizi umekwisha.

Karagwe na Kyerwa, zilizokuwa wilaya moja hadi 2012, ni vilima na migomba, na nyumba zimetawanyika. Ndiyo maana namba ya nesi imegeuka zahanati ya pili, na si mimi wa kumlaumu anayepiga. Tatizo ni asubuhi: nesi yuleyule anafungua mlango, akina mama wameshapanga foleni ya kliniki, na ratiba ya zamu inasema usiku alikuwa amepumzika.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza dalili za uchovu wa kazi uliopitiliza: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi, ufanisi kushuka. Kwetu dalili hiyo ya pili ina jina jingine: "nesi ana kauli mbaya." Kauli mbaya haina utetezi mbele ya mgonjwa, lakini kabla ya kumwandikia barua ya onyo, ulizeni amelala usiku mara ngapi wiki hiyo.

Watasema uuguzi ni wito. Sawa. Ila Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi saa 12 mfululizo za mapumziko kila siku. Sheria hiyo inaachia nafasi ya dharura, lakini simu inayolia kila usiku ni zamu, na zamu hupangwa.

Serikali inajua kuipanga. Mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa 2022, una watu wa kupokea simu saa 24, wanaotuma gari la wagonjwa au dereva wa kijijini anayelipwa kwa safari hiyo. Halmashauri za Karagwe na Kyerwa zifuate njia hiyo: kila kituo kiwe na simu yake, ibaki kwa aliye zamu, na saa zake ziandikwe kuwa kazi. Kwa zahanati yenye manesi wawili tu, simu ya usiku ihamie kituo cha afya.

Nawe msomaji wa Kayanga au Nkwenda, mzazi akitokwa damu, anza na 115, namba ya m-mama. Ni bure, na anayepokea yuko macho kwa sababu ni zamu yake.